Haidrenjia si ua la kila uwanja

Ndugu mkulima, miche ya haidrenjia imeanza kuuzwa hapa Kigera. Ua ni zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayepokea hela yako bila kukuambia mche huo unakunywa maji kiasi gani.

Haidrenjia hupenda baridi na unyevu, kama Lushoto au Njombe. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria jua la saa nane linachoma. Ukiupanda katikati ya uwanja, kiangazi cha Juni hadi Agosti majani yatanyauka kila mchana, na mama ndiye atakayebeba ndoo. Maji hayo yangenywesha tuta la mchicha!

Kama umeupenda, uweke mashariki mwa nyumba, upate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Changanya samadi iliyooza vizuri kwenye udongo wa shimo, tandaza nyasi kavu, mwagilia shinani. Urea achia mahindi. Hapa itakupa majani matupu. Pogoa mara maua yanapokauka, maana ukichelewa unakata macho ya maua yajayo. Mbuzi wasiufikie, una sumu.

Nawe mfanyabiashara, usimtoze mteja zaidi kwa sababu ua ni la buluu. Mara nyingi tofauti ni udongo tu: wenye asidi huleta buluu, usio na asidi huleta waridi. Mche wa buluu ulionunuliwa kwako unaweza kugeuka ukifika kwake, na atarudi kukudai.