Filamu Iliyosingiziwa Kuua Studio

Ukitaka kumnyamazisha mtu anayesifu filamu, mwambie ilipata hasara. Hapo mjadala umekwisha, kana kwamba dirisha la tiketi ndilo lililopewa kazi ya kutuamulia kipi kizuri na kipi kibovu. Siku hizi hata vijana wa mitaani kwetu, wasio na hisa katika studio yoyote, hubishana kwa mamilioni ya dola ya wikiendi ya kwanza badala ya kubishana juu ya walichokiona. Imani hii ni ya uongo, na kisa cha Heaven's Gate kinaiumbua vizuri kuliko kingine ninachokijua.

Filamu hiyo ya kauboi, kazi ya Michael Cimino, ilitoka Novemba 1980. Bajeti iliyoidhinishwa ilikuwa dola milioni 11 na ushei, gharama zikaishia kwenye milioni 44 hivi. Mapato ya Marekani yalikuwa takriban milioni 3.5. Tangu hapo tunasimuliwa kwamba mwongozaji mmoja mwenye kiburi aliiua United Artists, studio iliyoanzishwa mwaka 1919 na Charlie Chaplin na wenzake, na kwamba ndiyo maana waongozaji hawafai kuachiwa hatamu.

Tupige basi hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo wanayoipenda. Studio hiyo ilikuwa mali ya Transamerica, kampuni ya bima na fedha, tangu mwaka 1967. Januari 1978, Arthur Krim na wakuu wenzake, ambao filamu zao zilitwaa Oscar ya filamu bora mara tatu mfululizo, walichoka kuingiliwa na wenye mali. Waliondoka kwa pamoja wakaanzisha Orion. Warithi wao walihitaji jina kubwa, na walilihitaji upesi. Walimpata Cimino, na Aprili 1979 The Deer Hunter ilipompa Oscar, hakuna aliyethubutu kumzuia. Mkataba wenyewe ulikubali kwamba fedha zitakazozidi kwa ajili ya kuwahi Krismasi ya 1979 zisihesabiwe kuwa kosa lake. Wao ndio waliotia saini. Kisha mwaka 1981 Transamerica iliiuza United Artists kwa MGM kwa dola milioni 380 hivi. Maiti gani huuzwa kwa bei hiyo?

Na hao watazamaji wanaodaiwa kuikataa, waliiona lini? Toleo la saa tatu na dakika 39 lilipozinduliwa New York, wahakiki walilirarua, Vincent Canby wa The New York Times akiwa mstari wa mbele. Baada ya wiki moja hivi studio yenyewe ikaliondoa. Lilirudi Aprili 1981 likiwa limekatwa zaidi ya saa nzima. Hivyo umma ulihukumu mabaki, na hukumu hiyo ikabandikwa kwenye filamu nzima.

Mimi nataka kuzungumzia kilichomo ndani. Kuna ukumbi wa mbao ambamo wahamiaji maskini hukusanyika kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Kijana mmoja anaanza peke yake: anapiga fidla huku akizunguka ukumbi kwa viatu hivyo, mwili umeinama, upinde haukosei hata pale miguu inapobadili mwelekeo. Huyo ni David Mansfield, mtunzi wa muziki wa filamu yenyewe. Kisha umati mzima unaingia, vumbi na mwanga wa dhahabu wa mpigapicha Vilmos Zsigmond vinajaa hewani, na wale walioorodheshwa ili wauawe wanacheza kama watu wasiodaiwa na yeyote. Sijaona filamu nyingine ya kauboi iliyowapa maskini furaha kubwa namna hiyo kabla ya kuwaonyesha wakiwindwa.

Maana hadithi ni hiyo: Wyoming, mwaka 1892, matajiri wa ng'ombe wanakodi watu wenye bunduki dhidi ya walowezi wadogo wa Johnson County. Cimino alibadili mengi, lakini uvamizi ulitokea kweli. Jeshi la serikali lilifika likawaokoa wavamizi, na hakuna aliyetiwa hatiani.

Kuna jambo moja nisilolitetea hata kidogo, nalo ni mateso ya farasi katika upigaji picha. Walioipinga filamu kwa sababu hiyo walikuwa na haki. Lakini hao hawakuwa wakihesabu tiketi.

Wanaohesabu tiketi nawauliza kuhusu Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola, iliyosambazwa Marekani na United Artists hiyohiyo mwaka 1979. Nayo ilipita bajeti kwa mbali, nayo ilichelewa, nayo ilikuwa na mwongozaji asiyeshikika. Ilirudisha fedha, na leo vurugu zile zinaitwa ujasiri wa msanii. Tabia ni moja. Ikilipa inasifiwa, isipolipa inakuwa dhambi. Huo si uhakiki.

Mwaka 2012 toleo refu lililorejeshwa lilionyeshwa kwenye tamasha la Venice, na waliolitazama wakaisifu kazi ambayo wenzao waliizika. Cimino alikuwepo. Baada ya Heaven's Gate alipata kuongoza filamu ndefu nne tu, ya mwisho mwaka 1996, na alifariki mwaka 2016. Anayeendelea kuitaja filamu hii kama mfano wa kazi mbovu aniambie kwanza ameona toleo gani.