Yatima Anahitaji Jamaa Kwanza

Hapana dini inayomzuia mtu kumsaidia yatima. Waraka wa Yakobo unawataka Wakristo wawaangalie yatima na wajane katika dhiki yao, na Kurani nayo inamlaani yule amsukumaye yatima. Mtu anayefunga safari kutoka Ulaya au Marekani, kwa nauli yake mwenyewe, ili awahudumie watoto wa maskini, hastahili kubezwa. Lakini heshima anayostahili haiondoi swali la msingi: je, safari hiyo inamwacha mtoto katika hali gani?

Haiti ililijibu swali hilo kwa uchungu. Tarehe 12 Januari, 2010, tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Port-au-Prince. Kabla mwezi haujaisha, Wamarekani kumi wa madhehebu ya Kibaptisti walikamatwa wakitaka kuvuka mpaka wa Jamhuri ya Dominika pamoja na watoto 33, bila ya hati halali. Watoto hao waliitwa yatima. Uchunguzi ukabainisha kwamba walikuwa na wazazi. Baadhi ya wazazi walikiri kuwatoa wenyewe, baada ya kuahidiwa kwamba watoto watapata shule na maisha bora.

Mashtaka ya utekaji nyara hatimaye yalifutwa; kiongozi wa msafara akatiwa hatiani kwa kosa dogo la kupanga safari isiyo halali. Lakini jambo kubwa si kosa la watu kumi. Jambo kubwa ni mzazi aliye hai kumkabidhi mwanawe kwa mgeni kwa sababu ya shule. Huo ni umaskini, na umaskini hautibiwi kwa kumtenga mtoto na mama yake.

Safari nyingi za namna hii huchukua wiki moja au mbili. Wageni hupaka rangi kuta, hugawa nguo na peremende, huimba na watoto, hupiga picha, kisha huondoka. Mtoto aliyekwisha kuwazoea huachwa kwa mara nyingine, na mwezi ufuatao huletewa wengine wa kuwazoea. Rangi ile ingeweza kupakwa na fundi wa kijijini, naye akapata ujira wa kulisha watoto wake. Zaidi ya hayo, mahali ambapo fedha hufuata hesabu ya yatima, yatima hawatakwisha; watatafutwa. Ndiyo maana Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake la Desemba 2019 kuhusu haki za mtoto, lilizitaka nchi zizuie madhara ya kujitolea katika vituo vya yatima. Rwanda ilikwisha kuliona hilo mapema: mwaka 2012 iliamua kuvifunga vituo hatua kwa hatua na kuwarudisha watoto katika familia.

Kwa Tanzania, somo hili si geni. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, unajua maana ya yatima. Waliobeba sehemu kubwa ya mzigo ule walikuwa ni bibi, shangazi na kaka, waliogawana na watoto wa marehemu ndizi za kibanja kimoja. Hiyo ndiyo jamaa, neno lililozaa Ujamaa.

Historia ya wamisionari wenyewe inatoa kipimo. Waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuwalea watoto waliokombolewa utumwani hawakuja kwa wiki mbili; makaburi yao yako pale hadi leo. Naye Mwalimu Nyerere, Mkatoliki thabiti, aliwaeleza masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiloshiriki kuipinga mifumo inayowafanya watu kuwa mafukara litapoteza maana yake kwa binadamu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na inataka makao ya watoto yawe na leseni. Lakini sheria haijitekelezi. Mwalimu mkuu anayesimamisha masomo ili wanafunzi wapange mstari na kuwaimbia wageni, anawafundisha watoto kwamba umaskini wao ni onyesho. Ofisa wa ustawi wa jamii anayeidhinisha mtoto apelekwe kituoni bila ya kwanza kumtafuta mjomba wake, anamfanya mtoto huyo kuwa yatima kwa kalamu.

Wageni na wakaribishwe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi mgeni huyu naye apewe jembe lake: apelekwe kwa bibi anayelea wajukuu watano, aulize paa linavuja wapi, sare za nani zimechakaa, na shamba limekosa mbegu gani. Fedha zake zikiishia hapo, atakapoondoka mtoto hatabaki akimlilia. Atabaki nyumbani kwao.