Kilwa Haitazamwi kwa Haraka

Makala yenu ya safari imeisifu Kilwa sifa inayoistahiki, ila sikubaliani na shauri lake la kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Kwani mgeni avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, akakimbizwa Msikiti Mkuu na Gereza lililojengwa juu ya magofu ya ngome ya Wareno ya mwaka 1505, kisha akarejeshwa bandarini hata jasho halijamkauka, huwa ameona mawe tu, wala hakuuona mji ule ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331, akastaajabia uzuri wake na ukarimu wa sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman.

Kasri ya sultani huyo, Husuni Kubwa, iko mbali kidogo juu ya genge, na kwa wenye miguu mizima matembezi ya kuifikia ni nusu ya starehe yenyewe. Huko kuna birika ya pembe nane iliyoielekea bahari. Na mahali lipu ilipobanduka, mtu akisogea karibu na ukuta ataona katika jiwe vitundu vidogo vya matumbawe, kana kwamba nyumba nzima ilivuliwa baharini. (Viatu vya fahari aviache Dar es Salaam.)

Kisiwa jirani cha Songo Mnara nacho, kilichoandikishwa pamoja na Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, kina mikoko na tope. Basi kabla ya kupatana nauli, muulizeni nahodha saa za maji kupwa na kujaa, na kibali cha kuyazuru magofu mkichukue mapema huko huko Masoko.