Gari lichaguliwe kwa njia na kazi, si kwa cheo

Kila mwaka bajeti inapokaribia, ofisi nyingi za umma, Bara na Visiwani, huingia katika mazungumzo ya namna moja: gari lipi lipatikane, litumiwe na nani, na fedha zitoke wapi. Siku hizi limeongezeka swali jingine, nalo ni kama ni lazima gari linunuliwe, au yafaa likodiwe kwa mwezi au kwa mwaka. Swali hili si la wahasibu peke yao. Ni swali la siasa, kwa maana kila shilingi inayokwenda kwenye gari ni shilingi isiyokwenda kwenye dawa, dawati wala bomba la maji.

Tumeona vema leo tulipime jambo hili kwa kuitazama Wilaya ya Gairo, mkoani Morogoro. Msomaji wa Unguja au Pemba pengine atauliza Gairo inamhusu nini. Jibu ni kwamba Gairo iko kwenye barabara kuu, karibu nusu ya njia kati ya Morogoro mjini na Dodoma, na wabunge na maofisa wetu wa Visiwani wanaokwenda makao makuu ya nchi kwa gari hupita hapo. Lakini wengi huuona mji tu, maduka, malori na mabasi yake, kisha wakaendelea na safari. Wilaya yenyewe, iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Kilosa, hawaijui.

Gairo ni wilaya mbili ndani ya moja. Iko Gairo ya lami, ambayo gari lolote zima hupita bila taabu masika na kiangazi. Na iko Gairo ya milima ya Ukaguru, iliyo ndugu wa milima ya Uluguru katika Tao la Mashariki, ambako vijiji kama vya Nongwe hulima maharage na viazi, na ambako njia hupanda, hushuka na kuteleza, mpaka dereva akamwomba Mungu katika kila kona. Ofisa ambaye kazi yake ni kupeleka majalada Morogoro na Dodoma hahitaji gari la kupanda mlima. Lakini mganga anayepeleka chanjo Nongwe wakati wa masika analihitaji hasa, wala hiyo si anasa. Bwana shamba anayezunguka vijiji vitatu vya jirani, yeye pengine anahitaji pikipiki tu.

Sasa itazame hali yetu ya Visiwani. Unguja ina urefu wa yapata kilomita 85, na Pemba haifiki 70. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni kilomita zipatazo 60 za lami. Nungwi ya Unguja na Nongwe ya Gairo zakaribiana kwa sikio, lakini njia zake hazikaribiani hata kidogo. Hata hivyo ofisa wa Mjini hutaka gari lile lile kubwa ambalo daktari wa Nongwe angelishukuru. Adui wa gari la Visiwani si mlima wala tope la korongo. Ni chumvi ya bahari inayokula bati usiku na mchana. Gari la bei kubwa na gari la bei ndogo, kutu huyala yote kwa meno yale yale.

Kwa hiyo msingi wetu wa kwanza ni huu: gari lichaguliwe kwa njia litakayopita na kazi litakayofanya, kamwe si kwa cheo cha atakayepanda. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko ya mali, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza kuwa wafujaji na wenye majivuno. Wananchi nao hawakukaa kimya, maana waliwapa wakubwa wa motokaa jina la Wabenzi. Kizazi kilichofuata kikaacha Benzi kikashika Land Cruiser kubwa, na wananchi wakaiita shangingi. Majina yamebadilika, lakini lawama iliyomo ndani yake ni ile ile.

Msingi wa pili ni fundi na vipuri. Katika miaka ya 1970 gari la kazi za serikali vijijini lilikuwa Landrova, nalo lilipendwa si kwa uzuri bali kwa sababu fundi wa wilayani aliweza kulifungua na kulifunga. Baadaye Land Cruiser ya bodi gumu, ya namna iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ilichukua nafasi hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Wakala wa Ufundi na Umeme, yaani TEMESA, ulioundwa mwaka 2005, ndio wenye kazi ya kutengeneza magari ya serikali, na karakana yake ya mkoa iko Morogoro mjini. Maana yake ni kwamba gari la Gairo husafiri masafa marefu kwenda na kurudi kabla halijafunguliwa hata skrubu moja. Gari lenye mitambo migumu kueleweka, ambalo kipuri chake huagizwa ng'ambo, litakaa karakanani miezi huku mgonjwa akingoja. Mchagua nazi hupata koroma, na mchagua gari kwa kung'aa hupata gari la kulala juu ya mawe.

Msingi wa tatu ni mafuta. Wazee wetu wanakumbuka jinsi mafuta yalivyoadimika nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, hata magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Mafuta hatuyachimbi. Tunayanunua kwa fedha za kigeni zinazoletwa na karafuu, korosho, dhahabu na watalii. Gari linalokunywa mara mbili kwa safari ile ile linakunywa jasho la mchumaji karafuu wa Pemba.

Baada ya kuchagua gari, ndipo lije swali la kununua au kukodi. Hapa tunawaomba maofisa wetu waweke kando mapenzi, washike kalamu. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Gari limenunuliwa kwa shilingi milioni 100. Matengenezo, matairi na bima ni milioni 12 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni milioni 60. Mwishoni linauzwa kwa milioni 30. Gharama halisi ni milioni 130, ambazo ukizigawa kwa miezi 60 ni kama milioni mbili na laki mbili kwa mwezi, mbali na mafuta na mshahara wa dereva, ambavyo hulipwa kwa njia zote mbili. Mwenye gari akitaka milioni tatu kwa mwezi, pamoja na matengenezo yote, basi anayekodi anapunjwa na heri anunue. Akitaka milioni moja na nusu, anayenunua ndiye anayejipunja.

Lakini hesabu haiishii hapo, kwa kuwa yapo magari yasiyohitajika kila siku. Ofisi inayohitaji gari siku 60 tu kwa mwaka, kwa mfano wakati wa kampeni ya chanjo au ukaguzi wa mashamba, ikikodi kwa laki mbili kwa siku italipa milioni 12 kwa mwaka, na kwa miaka mitano milioni 60. Hiyo ni chini ya nusu ya gharama ya kununua. Gari la kununua lingekaa siku 305 likipigwa jua, na kila mtu anajua kwamba gari la serikali lililokaa bure halikosi mtu wa kulitafutia safari ya arusi.

Wapo watakaotujibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hiyo ni ya kweli kwa vitu vya kuazima, lakini kukodi si kuazima. Kukodi ni mkataba, na wasomaji wetu waliopita chuoni wanaijua ijara katika fiqhi: yanayouzwa ni manfaa ya kitu, kwa muda unaojulikana na kwa malipo yanayojulikana, kitu chenyewe hubaki mali ya mwenyewe, na mkononi mwa aliyekodi huwa ni amana. Neno letu la ujira ni la ukoo huo huo. Palipo na muda usiojulikana au malipo yasiyojulikana, pana ugomvi mlangoni. Hekima hiyo ni ya kale, na inamfaa mwanasheria wa halmashauri wa leo, awe Mwislamu au asiwe.

Mifano iko karibu. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2013 kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua yote, ili mwenye gari ndiye abebe mzigo wa matengenezo. Hapa kwetu upo mfumo wa m-mama, ambao kuanzia mwaka 2022 ulianza kuenezwa nchi nzima, Bara na Visiwani. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, hupigwa simu ya bure namba 115. Gari la wagonjwa likiwa mbali, huitwa dereva wa mtaani aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa safari aliyokwenda. Serikali haikununua motokaa ya dereva huyo. Imekodi saa chache za kazi yake, na saa hizo ndizo zinazookoa uhai.

Hata hivyo hatusemi kila kitu kikodiwe. Gari la wagonjwa la kituo cha afya, gari la zimamoto na gari la doria lazima yawe ya umma, kwa sababu mwenye gari asiyelipwa kwa wakati anaweza kulichukua gari lake, na moto haungoji hundi isainiwe. Mwekezaji naye hapendi kupeleka gari jipya katika njia za Nongwe, na akikubali atapandisha bei. Ndiyo kusema, pale njia ilipo mbaya na kazi ni ya kila siku, kununua kuna hoja. Pale njia ilipo ya lami na kazi ni ya msimu, kukodi kuna hoja. Unguja na Pemba, zenye njia fupi na chumvi kali, zina sababu kubwa ya kuijaribu njia ya pili katika magari ya ofisi.

Iko pia njia ya tatu, nayo ni kutokuwa na gari kabisa kwa safari ile. Tangu mwezi Julai 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache kuliko motokaa. Ofisa wa Zanzibar anayeshuka botini Dar es Salaam anaweza kufika Dodoma siku hiyo hiyo kwa tiketi moja. Gari moja kubwa lenye abiria mmoja nyuma, linalopita Gairo kwa mwendo wa kasi na kuwatimulia vumbi wauza viazi, linahitaji maelezo kwa bwana fedha, na zaidi kwa wauza viazi.

Kwa hayo yote tunatoa mwito kwa serikali zetu mbili na kwa halmashauri. Kwanza, kila ombi la gari liambatane na maelezo ya njia, kazi na idadi ya siku, na lisilo na maelezo hayo lirudishwe. Pili, hesabu ya kununua na ya kukodi zifanywe sambamba na kuwekwa mbele ya madiwani, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, panaponunuliwa, pinunuliwe kwa pamoja kupitia vyombo vilivyowekwa, kama vile GPSA kwa upande wa Bara, ulioanzishwa mwaka 2007, ili bei ipungue na vipuri vifanane. Nne, panapokodiwa, mkataba uwe wa shilingi, kama kanuni za mwaka 2025 zinavyotaka, na utaje nani atalipa gari likiharibika.

Hatuwachukii viongozi wetu, wala hatutaki wasafiri kwa taabu. Tunalotaka ni kwamba gari gumu lipande Nongwe kumfuata mgonjwa, gari dogo libaki mjini kwenye lami, na lile lisilohitajika libaki dukani. Mwananchi wa Gairo na mwananchi wa Micheweni ndio wanaolipa bei ya magari yote haya, na wana haki ya kuyaona yakiwafanyia kazi.