Hukufeli, Ulifelishwa!

KIJANA msomaji, wewe uliyekalia benchi hapo kijiweni, wewe unayepanga mitumba Kariakoo, wewe uliyeegesha pikipiki stendi ya Kasulu ukisubiri abiria, naomba dakika zako chache. Cheti chako cha kidato cha nne kiko chini ya godoro, kina F ya Kiingereza, na kwa ajili ya F hiyo umekwisha kukubali moyoni kwamba wewe ni mbumbumbu. Nakuambia hukufeli. Ulifelishwa, na waliokufelisha wanakula kuku kwa mrija.

Tuanze na karatasi zao wenyewe. Muhtasari wa somo la Kiingereza uliotolewa mwaka 2005, ambao ndio uliotufundishia wengi wetu, ulimtaka mtoto wa kidato cha kwanza ajifunze kutumia kamusi, kumwelekeza mtu njia, kueleza habari za familia yake, kusema anachopenda na asichopenda. Si malengo mabaya. Kila anayeanza lugha huanzia hapo. Lakini soma vizuri: waliouandika walijua fika kwamba mtoto huyo Kiingereza hajui, ndiyo maana wakampangia masomo ya njia ya kwenda sokoni.

Sasa toka na mtoto huyo kipindi cha kwanza, ingia naye cha pili. Anaingia mwalimu wa biolojia, na kwa amri ya waheshimiwa hao hao anatakiwa kumfundisha usanisinuru kwa Kiingereza. Kipindi kinachofuata ni historia, kwa Kiingereza. Saa mbili asubuhi anafundishwa kusema anapenda ndizi, saa tatu anaandika sababu za ukoloni! Muujiza huo unatokea katika dakika ipi, na anaufanya nani?

Mfuate mtoto huyo mpaka Makere wilayani Kasulu, au Mabamba kule Kibondo, mpakani na Burundi. Nyumbani ni Kiha. Mama anamgombeza kwa Kiha, mbuzi anawaswaga kwa Kiha. Darasa la kwanza anakutana na Kiswahili, anapigana nacho miaka saba mpaka anakimudu, na siku anapokimudu anaambiwa asante sana, kiache getini. Sekondari ni Kiingereza, lugha ambayo hajaisikia ikiongewa sokoni, kanisani wala msikitini. Mtihani wa darasa la saba, ambao tangu 2012 ulianza kusahihishwa kwa mashine, aliufanya kwa kusiliba viduara kwa penseli. Kiduara unaweza kubahatisha. Insha hubahatishi.

Na hapo hapo Kasulu pana kichekesho cha kuliza. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa wakimbizi wa Kongo, na watoto wao wakasomeshwa mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Mwaka 2015 Warundi wakamiminika, wakajaa Nyarugusu, kisha Nduta na Mtendeli, nao wakaja na mtaala wao. Muha na Mrundi wakikutana porini wanatafuta kuni hawahitaji mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Wakirudi madarasani, mmoja anabambikwa lugha ya London, mwenzake ya Paris.

Darasani mambo yanakwendaje, unajua. Mwalimu anafunga mlango, anaeleza kwa Kiswahili ili aeleweke, halafu anajaza ubao kwa Kiingereza nasi tunanakili tukameze usiku. Shule niliyosoma mimi, siitaji, ilikuwa na kibao cha mbao alichovishwa shingoni kila aliyenaswa akiongea Kiswahili. Jioni ukikutwa nacho, viboko. Eti lengo la somo lilikuwa tuweze kuwasiliana! Tulichojifunza ni kunyamaza.

Usidanganywe kwamba wakubwa hawakuambiwa. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta iliwaambia mwaka 1982 kwamba sekondari ifundishe kwa Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe kama somo, tena kifundishwe vizuri. Wakaitupa kabatini. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wa Kiingereza, Criper na Dodd, wakapima, wakakuta ni kama mmoja tu kati ya wanafunzi kumi wa kidato cha nne aliyefikia kiwango cha kuweza kufundishwa kwa lugha hiyo. Mganga amekuta dawa inamdhuru mgonjwa, akaandika: aendelee nayo! Kuanzia 1987 fedha za Uingereza zikaletwa kununua vitabu vya hadithi.

Mwalimu Nyerere naye, tuseme kweli, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Mtu aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, akarudia tena 1969, hakuamini kwamba sumaku na mapafu vitaelezeka kwa lugha hiyo hiyo. Hapo sitamtetea.

Mwaka 2015 Rais Kikwete alizindua sera ya 2014 iliyomfungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote. Likaja toleo la 2023, sekondari ikarudishwa kwenye Kiingereza, na kwa kutupoza Kiingereza kikateremshwa mpaka darasa la kwanza. Kitafundishwa na nani? Na mwalimu yule yule aliyetoka shule ya kata na cheti kama chako. Hiyo ni danganya toto.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 uliyasikia, zaidi ya nusu walipata sifuri, mpaka serikali ikalazimika kuyapanga upya. Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani wakati huo alikuwa Profesa Joyce Ndalichako, ambaye baadaye akawa Waziri wa Elimu, na mwaka 2020 akachaguliwa mbunge wa Kasulu Mjini. Hivyo Kasulu haiwezi kusema haikuwa na mtu mezani.

Utaniambia wazazi wenyewe wanakitaka Kiingereza. Nami nakitaka! Nakitaka kifundishwe na mwalimu anayekijua, chenye vitabu, katika vipindi vyake, huku fizikia na jiografia vikieleweka kwa lugha tunayoiota. Vigogo wanalijua hilo, ndiyo maana alfajiri basi la njano linapita kwao kubeba watoto kwenda shule za Kiingereza za kulipia, ambako lugha hiyo inaanza chekechea. Watoto hao na mtoto wa Mabamba wanafanya mtihani mmoja wa kidato cha nne, siku moja, karatasi moja.

Kwa hiyo akipanda mgombea jukwaani, wa chama chochote, hata cha kwetu, usimpigie makofi kwanza. Muulize shule ya kata yako ina walimu wangapi waliosomea kufundisha Kiingereza. Akijibu, muulize la pili: wa kwake wanasoma wapi?