Pombe Haipashi Mwili Joto, Kawaulize Wazamiaji

Huku Babati Julai ni Julai kweli. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, Mlima Kwaraa asubuhi unajifunika ukungu, na kila mwenye bodaboda amevaa koti kubwa kuliko yeye mwenyewe. Nyie wa Dar mnaotucheka kwa masweta, chekeni tu, ila msije Bashnet saa kumi na moja alfajiri na fulana ya mkono mfupi.

Leo nataka tuzungumze kuhusu wazamiaji. Si wale wa kujificha kwenye meli waende Ugiriki, hao wana mada yao. Nasema watu wanaoingia chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni. Kuna nchi watu wanafanya hivyo kwa kujifurahisha kwenye maji ya nyuzi mbili hadi nne za Selsiasi, kama pale Silfra, Iceland. Watalii wanalipa pesa zao, wanaingia, wanatoka wakitabasamu. Wanawezaje?

Jibu ni vazi wanaloliita draisuti. Linafunika mwili mzima, lina zipu isiyopitisha maji, na shingoni na kwenye vifundo vya mikono kuna mpira unaobana ngozi. Maji hayaingii. Wengi tungedhani basi hilo vazi ndilo lenye joto. Wapi! Draisuti nyingi ni nyembamba kama koti la mvua, na peke yake karibu haina joto lolote. Kinachompasha mzamiaji ni nguo anazovaa ndani, na zaidi ya nguo, ni hewa iliyonaswa kwenye hizo nguo. Akishuka mita 10 tu, kanieneo inakuwa mara mbili ya ile ya juu na hewa ile inabanwa, kwa hiyo kuna bomba dogo la kuongeza hewa ndani ya vazi kutoka kwenye mtungi. Bila hilo nguo zinagandamana na mwili na baridi inapita.

Na hawavai nguo yoyote tu. Pamba hawaitaki kabisa, kwa sababu pamba ikilowa jasho inashikilia maji na kumnyonya mtu joto. Wanavaa sufu, au zile nguo laini zenye manyoya ya poliesta ambazo mitumbani zimejaa tele. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto. Pia wanakwepa kutoka jasho kabla ya kuingia majini, na chakula wanakula vizuri, maana mwili ndio jiko lenyewe. Vazi ni ukuta tu wa jiko.

Kuna kitu kimoja kila mtu anayefundisha kazi hiyo atakukataza: pombe. Hapa ndipo ninapotaka kubishana na nusu ya mji wangu.

Ukienda Ziwa Babati usiku utakuta wavuvi kwenye mitumbwi, fulana ya pamba kifuani, labda na koti lililokwishalowa, na chupa ndogo pembeni "ya kupasha". Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, lakini imani ya kwamba kinywaji kikali kinaleta joto haijapigwa marufuku na mtu. Walinzi wa usiku wanayo, na wanaochunga mifugo pia. Ukweli ni kinyume. Pombe inatanua mishipa midogo ya damu karibu na ngozi. Damu ya moto inakimbilia nje, ngozi inasikia raha, nawe unasema "imeniingia". Joto hilo ndilo linalotoka. Umefungua dirisha la nyumba ili upashe moto uani! Tena pombe inapunguza mwili kutetemeka, na kutetemeka ndiyo njia yako ya kutengeneza joto.

Mtu atasema, wewe mwandishi, maziwa yetu si Iceland. Sawa. Lakini hesabu iko hivi: mwili una nyuzi 37, na ukishuka chini ya 35 tayari ni hatari, mtu anaanza kuchanganyikiwa na kuropoka. Maji yanapokonya joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ili mtu akae majini bila nguo na asipoteze joto, maji yanatakiwa kuwa karibu nyuzi 33 hadi 35. Ziwa Victoria liko kama nyuzi 25. Ukioga ni raha. Ukishikilia dumu usiku kucha mtumbwi ukiwa umepinduka ni kitu kingine kabisa, hasa upepo ukivuma.

Uvuguvugu huo una rehema yake vilevile. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, wazamiaji walimtoa mhandisi mmoja akiwa hai siku mbili baadaye, ndani ya hewa iliyobaki chomboni. Katika bahari ya Norway nadhani tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine. Tena ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 walipona. Mvuvi Majaliwa Jackson alipongezwa nchi nzima na ikaelekezwa achukuliwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Vizuri sana.

Mjadala wetu baada ya kila ajali ni boti, helikopta, mitungi. Mimi sipingi, vinunuliwe. Ila sijasikia mtu akiuliza kuhusu blanketi. Aliyetolewa majini anaendelea kupoteza joto akiwa amekaa ufukweni na nguo mbichi, huku sisi tumemzunguka na simu tunampiga picha. Avuliwe nguo, akaushwe, afunikwe mpaka kichwani, apewe chai yenye sukari kama ana fahamu zake. Asisuguliwe kwa nguvu, na yule mjomba mwenye chupa asogezwe mbali. Hata kule Katesh, Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yalivamia watu alfajiri, na aliyetoka hai alitoka amelowa chapachapa, kwenye mkoa huu huu wetu wenye baridi.

Kwa wavuvi wetu hapa sidai draisuti, zile bei yake ni kiwanja. Sweta la sufu la mtumba pale sokoni ni bei ya chupa chache. Liwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, lisafiri kavu kwenye mtumbwi, na livaliwe pale mtu anapolowa. Vikundi vya wavuvi vipo, maofisa uvuvi wapo, na leseni kila mwaka zinalipiwa. Je, ni nani kati yao atakayeanza kukagua mifuko hiyo kabla mitumbwi haijatoka jioni?