Habari za Mjamzito Zimfikie na Mumewe

Ndugu Waislamu, katika misikiti yetu ya Nyasura na Bunda kwa jumla, darsa za swala, funga na mirathi ni nyingi, Alhamdulillah. Lakini ni nadra kusikia darsa juu ya mama anayetarajia kujifungua. Wengi wetu tunayahesabu hayo kuwa ni mambo ya kliniki na ya wanawake. Fikra hiyo si sahihi.

Katika Surat al-Baqarah, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, na papo hapo akamuwajibisha baba chakula na mavazi ya mama. Aya moja imewakusanya wote wawili. Vipi basi habari za malezi zimfikie mmoja tu?

Kliniki, mjamzito huelezwa dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa sana kichwa, kuvimba uso na mikono, degedege. Arudipo nyumbani, mwenye uamuzi wa safari na fedha ni mume, au mama mkwe. Mume akiwa ziwani au mnadani, naye hajui lolote, saa zinapotea na roho iko hatarini.

Basi na ajue haya. Namba 115 hupigwa bure. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humsafirisha kwa dharura mjamzito, mzazi hadi siku 42 na kichanga hadi siku 28. Sera ya Afya ya mwaka 2007 imewasamehe wajawazito malipo katika vituo vya serikali. Hata hivyo familia nyingi huambiwa zinunue vifaa, hivyo akiba iwekwe mapema.

Wapo watakaosema mimbari si mahali pa mambo haya. Tunawajibu kwamba kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 mwaka 2015/16. Kupungua huko ni neema. Lakini kila kifo kilichobaki ni jeneza linaloswaliwa na watoto wanaobaki mayatima.

Tunapendekeza kila msikiti umwalike muuguzi au mkunga azungumze na wanaume, uanzishe mfuko mdogo wa nauli na vifaa, na ubandike namba 115 mlangoni. Mwenye uchungu asiachiwe peke yake kazi ya kuikumbuka.

Wabillahi tawfiiq.